Umeniuliza Kama Mkwajuni Panakalika

Zuhura mwanangu,

Salamu hatuna haja ya kupeana, maana nakusikia hapo chumba cha pili unavyoburuta masanduku, na wewe bila shaka unanisikia nikikohoa. Umefunga nusu ya mizigo, nusu umeiacha kitandani. Najua kwa nini. Wiki nzima tangu turudi kutoka Mkwajuni unanizungukazunguka: "Mama, umepaonaje?" Na mie nakujibu, "Ngoja kwanza, wali utaungua." Jana hata wali haukuwa jikoni, na bado nikakujibu hivyo hivyo.

Sasa tiketi za kesho zimeshakatwa, na ulishasema mwenyewe mbele ya mumeo na mbele ya baba yako: "Mama akisema hapafai, hatuhamii." Bakari akaitikia kwa kichwa, masikini, uso umemshuka. Kwa hiyo neno langu moja laweza kukubakiza hapa Ngamiani, Tanga mjini, ukaendelea kutoa fotokopi za watu dukani na kula wali wangu kila jioni. Wallahi, neno hilo nimekaa nalo mdomoni wiki nzima kama pipi. Mara mbili tatu nilikaribia kulisema.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema utanikatiza. Tangu mdogo huachi mtu akamaliza sentensi. Habari za chandarua na maji ya kunywa na dawa za homa sikuandikii, unazijua kuliko mie, na usizozijua utazitazama kwenye hiyo simu yako. Nataka kukwambia nilichokiona kule. Na nataka kukwambia nilikwenda kule na nia gani, maana nia yenyewe haikuwa nzuri.

Nilikwenda kutafuta kasoro.

Wewe na Bakari mlikuwa mnatembea mbele mnaonyeshana: hapa banda la mbuzi, hapa mizinga ya nyuki, hapa tutachimba shimo la kuvuna maji ya mvua. Mlikuwa kama watoto waliopewa kiwanja cha kuchezea. Mie nyuma nimejifunga kanga kiunoni, macho nje nje. Ulidhani nimechoka na ule mwendo tangu pale pikipiki ziliposhindwa kupita. Sikuchoka hata kidogo. Nilikuwa napeleleza, na nakwambia kweli, sijapata kufurahia safari namna ile kwa miaka mingi. Mahali pageni panahojiwa, mwanangu, na mie kuhoji ndiyo kazi yangu. Baba yako husema ningezaliwa mwanamume ningekuwa askari wa forodha pale Horohoro, na hakuna hata kiberiti ambacho kingepita.

Nilianzia dukani. Unakumbuka nilisema nakwenda kununua chumvi? Chumvi ninayo begini. Nilitaka kuona wanauza nini. Kijiji kinachojilisha duka lake huwa na chumvi, sabuni, kiberiti, vocha na biskuti za watoto. Nikakuta magunia ya unga yamepangwa hadi dirishani, na mavuno hayajapita muda mrefu. Nikamwuliza yule mwenye duka, "Kulikoni, mwanangu, unga wote huu na watu ndio kwanza wametoka kuvuna?" Akacheka. "Mama, mwaka huu walivuna nyani. Sisi tuliokota yaliyobaki." Alisema kwa mzaha, lakini nilimtazama usoni, haukuwa mzaha wote. Nikaweka kichwani kasoro ya kwanza, nikafurahi, Mungu anisamehe.

Halafu kisima. Mlipokuwa mnasifu namna maji yalivyo karibu, mie niliinama nikalowesha pindo la kanga, nikalipaka sabuni, nikafikicha. Povu halikutoka. Nikaongeza sabuni, likatoka kidogo likafa hapo hapo. Hayo ni maji yenye chumvi chumvi. Maharagwe yako yatachemka mpaka kuni ziishe na bado yatagonga meno. Wanawake wa pale wananywa na kupikia maji ya kijito, ule mwendo wa kule bondeni, na kisima wanakiachia mbuzi na kufyatulia matofali. Hakuna aliyewaficha. Ni kwamba nyie hamkuuliza, mliona maji mkashangilia.

Shambani Bakari alinichekesha nusura nianguke. Alisimama kwenye yale mabua ya mahindi yaliyobaki shambani, akachuma ua dogo jekundu, akakuletea: "Tazama, hata magugu ya huku yana maua mazuri." Na wewe ukalichomeka kwenye ushungi! Mwanangu, lile ua ni kiduha. Linanyonya mahindi kwenye mizizi yangali machanga, na likiota jua kwamba ardhi imechoka na mahindi, inataka kitu kingine. Nikasema moyoni, hawa watoto wanavishana njaa kichwani. Mihogo ya pale lakini inapendeza. Na kunde. Mkienda na kichwa cha mahindi mtalia, mkienda na kichwa cha mihogo na kunde mtakula.

Kisha nikatafuta jogoo mzee. Ndiyo, cheka. Niliranda nyumba hadi nyumba nikijifanya naulizia mayai. Kuku wote niliowaona walikuwa wa rika moja, vijana tupu, hakuna hata jogoo mmoja aliyezeeka. Maana yake kideri kilipita si zamani kikafagia wote, na kitarudi. Utawachanja, najua, umeshaniambia habari za chanjo mpaka nimeikariri. Lakini chanjo inataka ubaridi, na barafu iko mjini, na njia nimeiona kwa miguu yangu.

Haya, mpaka hapo nilikuwa nimeshiba kasoro. Nyani, maji, kiduha, kideri, na zahanati iko ng'ambo ya mto ambao masika haupitiki. Nilikuwa nakuja kukwambia hapo hapo, chini ya jua lile lile: funga safari, twende zetu nyumbani. Ningeshinda mapema kabisa.

Kilichonizuia ni swali la Bi Mejumaa.

Bi Mejumaa unamjua, ndiye mkubwa wa ukoo wenye ile ardhi, yule mama wa Kidigo mwenye sauti nzito aliyetukaribisha, ambaye Bakari alimfungia sola ndipo wakajuana. Mlipoteremka nyie wawili kukitazama kijito, mie nilibaki naye barazani kwake tunamenya mihogo. Nikaanza maswali yangu: nani kajifungua karibuni, alijifungulia wapi, kuni zinatoka upande gani. Akanijibu yote, hakuficha lolote. Nilipomaliza akaweka kisu chini, akasema, "Sasa zamu yangu. Huyu binti yako, anajua kuomba?"

Nikasema, "Bi Mejumaa, binti yangu ana adabu, haombiombi ovyo."

Akasema, "Sikuulizia hilo. Chumvi ikimwishia, atakuja kugonga kwangu, au atakula bila chumvi?"

Jawabu nalijua. Utakula bila chumvi. Tena utamtumia mtu picha kwenye simu kumwonyesha jinsi ulivyokula bila chumvi. Maneno yako mwenyewe tangu mpango huu uanze ni hayo: "Mama, tunataka tujitegemee, tusimwombe mtu kitu." Mara ya kwanza uliposema nilijisikia fahari. Barazani kwa Bi Mejumaa yalinirudia, nikaacha kumenya.

Sasa hapa nyamaza unisikilize, maana hii hujasimuliwa yote. Unajua tu kwamba kabla hujazaliwa tuliishi kusini ya Pangani, huko mbele ya Ushongo, kisha tukahamia mjini. Ukiuliza sababu baba yako hujibu "kazi", na mie huingia jikoni.

Tulikwenda kule kama mnavyokwenda nyie. Baba yako alikuwa kijana seremala kutoka Pemba, mie Mbondei wa Muheza, tumeoana jana tu, hatutaki shida na mtu. Mzee mmoja, akiitwa Mzee Shomari, alitupa kipande cha ardhi. Akatwambia, "Limeni mle." Tukalima. Mihogo ikakubali, kunde zikakubali, baba yako akawa anatengeneza milango. Na mie nilikuwa na kiburi changu cha kimyakimya: sikutaka kukopa. Nilikuwa na kinu changu, mbuzi yangu ya nazi, na moto wangu haukuzimika. Wanawake wa jirani walikuja mwanzoni mwanzoni, "Mwenzetu, huna haja ya ungo?" "Ninao, ahsante." "Makaa je?" "Yapo, ahsante." Nilidhani hiyo ndiyo heshima, kutokuwa mzigo. Wakaacha kuja.

Mwaka wa pili baba yako akapanda minazi. Mstari mzima, mpakani mwa shamba, miche aliyoichagua mwenyewe. Mie ndiye niliyekuwa nachota maji ya kuimwagilia. Tuliipanda kwa mapenzi, kuonyesha kwamba tumependa mahali. Ikatoa majani, tukawa tunatoka asubuhi kuitazama.

Watu wakapoa. Hakuna aliyetugombeza, unajua watu wa pwani. Shikamoo, marahaba, lakini hawasimami tena. Siku moja wakaja wapwa wa Mzee Shomari, wamevaa kanzu kabisa, wakakaa, wakanywa kahawa yetu, wakauliza kwa upole, "Bwana fundi, ile minazi ni ya nani?"

Baba yako akajibu kwa roho safi: "Minazi yangu, ardhi yenu."

Kwao Pemba, mwanangu, hilo ni jawabu la mtu muungwana. Kule mti na ardhi ni vitu viwili, mtu ana mikarafuu yake ndani ya shamba la mwenziwe na wanasalimiana vizuri mpaka wanazikana. Lakini pale tulipokuwa, mgeni aliyepewa ardhi hupanda kinachong'oka: mihogo, mtama, viazi. Mti wa kudumu ni wa mwenye ardhi. Ukipanda mnazi umesema, bila kufungua kinywa, kwamba hapa ni pangu na wanangu watarithi. Na baba yako, masikini ya Mungu, alikuwa amelisema mara mbili, kwa jembe na kwa ulimi.

Wakatuita barazani. Wazee wakasema ing'olewe, yaishe. Baba yako akasema hawezi, kwao kung'oa mnazi unaokua ni kama kuua mtoto. Huyu anaona ananyang'anywa ardhi, huyu anaona anaambiwa aue, na wote wawili ni watu wema. Nilikuwa nimekaa nyuma kwa wanawake, nalia. Mama mmoja wa jirani akaniinamia sikioni: "Mwenzangu, mbona hukuniuliza? Jambo hili kila mtoto hapa analijua. Ungekuja hata siku moja kuomba moto, ningekwambia."

Ndiyo hiyo, Zuhura. Hakuna atakayekujia kukusomea sheria za mahali. Watu hawaendi kwa mtu asiye na haja wakamwambia la maana. Yanasemwa mlangoni, mtu ana kikombe cha chumvi mkononi, anaondoka, anageuka: "Halafu, bibie, nilitaka kukwambia, ile miche ya mumeo..." Mie mlango wangu hakuna aliyeugeukia, kwa sababu sikugonga wa mtu yeyote. Minazi tukaiacha imesimama, tukahama na milango miwili ambayo baba yako hajaimaliza.

Nimemwuliza leo kama ana hasira bado. Alikuwa anapiga randa, akasimama. "Hasira ya nini? Ila ningependa kujua kama ilizaa." Kisha akaendelea na randa yake. Miaka yote hii mie nadhani anawaza kudhulumiwa, kumbe anawaza nazi.

Kwa hiyo narudi barazani kwa Bi Mejumaa, mihogo mapajani, swali limening'ang'ania. Nikamwambia kweli: "Hajui kuomba. Na kosa si lake, amelelewa na mie." Nikamsimulia minazi yote kama nilivyokuandikia. Alisikiliza, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Hapa kwetu pia mti hapandi mtu bila kusema. Lakini akisema, hapandi peke yake. Tunakuja wote."

Hiyo haimo kwenye simu yako, bibie. Na hata mie, na upelelezi wangu wote wa sabuni na majogoo, nilikuwa sijaiona. Nilikuwa nimekagua maji na udongo na kuku, sijakagua watu. Hata nyani nikawaona kwa jicho jingine: Bi Mejumaa akaniambia mashamba yaliyovunwa na nyani ni ya wale waliolima kila mtu pembeni yake. Wanaolima mashamba yaliyogusana hulinda kwa zamu. Mwenye shamba peke yake hulala au hulinda, viwili pamoja hawezi.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hukijui, na usinikasirikie.

Tangu tutoke kule kusini sijamwomba mtu kitu. Hata nilipougua wewe unajua, nilijikokota hospitali peke yangu ili nisimwamshe jirani. Lakini siku ile nilisogea, nikamshika Bi Mejumaa mkono wake uliojaa utomvu wa mihogo, nikasema, "Bi Mejumaa, nakuomba. Nitazamie mwanangu. Akikaa kimya usidhani ana raha. Akisema 'ahsante, ninacho', usiondoke, ingia ndani utazame. Mwambie ya hapo kwenu kabla hajayakosea." Nilikuwa nimesahau jinsi kuomba kulivyo kazi nzito.

Alichukua kisu chake. Alimenya muhogo mzima mpaka mwisho. Nikaona haya, nikataka kusema basi, nilikuwa natania.

Kisha akasema, "Na mie nakuomba. Nina mjukuu, Mwanasha, amefaulu kwenda sekondari hapo Tanga, na hatuna mtu mjini. Analala kwa watu wasiomtaka, chakula wanamhesabia. Kila nikipiga simu anasema, 'Bibi, niko vizuri.' Na mie najua hayuko vizuri."

Mwanangu, tulitazamana wanawake wawili wazima, tukaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na nyie mkapanda kutoka kijitoni mkatukuta hivyo. Ukauliza, "Mnalia nini?" Nikakwambia moshi.

Wiki nzima nimeshindwa kukujibu kwa sababu jawabu lenyewe linaniumiza. Ningekuwa na uongo mdogo tu wa kusema, ningebaki nawe. Maji mabaya, ningesema, na ingekuwa kweli. Nakupenda mpaka nilifikiria. Lakini nimepakagua Mkwajuni kwa macho yote niliyonayo, na pana njaa yake na nyani wake na mto wake, na pana mtu ambaye mlango wake nimeshaugonga kwa ajili yako. Panakalika. Radhi yangu unayo, yote, wewe na Bakari, huna haja ya kuniuliza tena.

Jumamosi Mwanasha anahamia hapa. Nimeshaongea naye kwa simu, ana sauti ndogo, kila neno "samahani, bibi." Kwa hiyo maliza kufunga hiyo nusu iliyobaki, na droo zako zote mbili uziache tupu, asije akaona haya kuweka vitu vyake.

Mama yako